Waliishi pamoja Palermo, lakini kwa ruhusa ya nani?

Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Nawasalimu wote, mashekhe wetu, mapadri, wachungaji, wazee wangu, na nyie vijana mliojazana huku nyuma.

Nimeombwa niongelee jinsi Wakristo, Wayahudi na Waislamu walivyoishi pamoja zile karne za kati, na najua wengi mnategemea nitaanza na Andalusia, Cordoba na Granada, maana ndo kila mtu anaijua. Naomba leo niwapeleke kwingine, Sicily, kile kisiwa kikubwa kilichoko kusini kabisa mwa Italia, na hasa mji wake mkuu Palermo, kipindi cha watawala wa Kinormani, tuseme kuanzia 1072 mpaka 1189. Nimechagua huko kwa sababu mambo yote mawili yapo wazi, yaani namna watu walivyokaa pamoja na namna ilivyokuja kuvunjika, na sisi tukikaa kwenye makongamano kama haya tunasimulia nusu moja tu, mpenda amani anasimulia ile nzuri, mpenda ugomvi anasimulia ile mbaya, na kila mmoja anaondoka kafurahi. Leo nataka tuibebe yote.

Historia yenyewe kwa haraka. Waislamu waliingia Sicily mwaka 827 wakitokea upande wa Tunisia ya leo, Palermo ikaanguka 831, na wakatawala zaidi ya miaka 200. Kiarabu kikawa lugha ya sokoni na shambani, Wakristo wengi wao wa lugha ya Kigiriki walibaki na makanisa yao, Wayahudi na masinagogi yao, na wote hao walilipa jizya, yaani kodi ya watu wasio wa dini ya mtawala, kwa mtawala Mwislamu. Halafu 1061 wakaja Wanormani, wapiganaji wenye asili ya kaskazini mwa Ufaransa ambao walianza kama askari wa kukodiwa huko kusini mwa Italia mpaka wakawa mabwana, wakiongozwa na ndugu wawili, Robert Guiscard na mdogo wake Roger. Palermo waliichukua 1072, na mji wa mwisho, Noto, 1091. Kwahiyo ni vita ya miaka 30, tusije tukadhani kisiwa kilibadilisha mikono kwa kupeana mkono.

Sasa hapa ndo pa kusikiliza vizuri. Hawa jamaa walishinda lakini walikuwa wachache mno. Wametawala nchi ambayo watu wake wengi ni Waislamu, mashamba yameandikwa kwenye madaftari ya Kiarabu, makarani wanaojua nani analipa kodi kiasi gani ni Waarabu na Wagiriki, mafundi wa maji na bustani ni hao hao. Ukiwafukuza wote unabaki na mawe. Kwahiyo waliwaacha, na ile jizya ikageuzwa tu upande, sasa Mwislamu na Myahudi ndo wanamlipa mfalme Mkristo. Wengi wakiisikia hii wanashangaa, lakini ilikuwa hivyo, mfumo ni uleule, aliyekaa kwenye kiti ndo kabadilika.

Na hata jeshini. Huyu Roger wa kwanza alikuwa na maelfu ya askari Waislamu. Mwaka 1098 alikwenda kuuzingira mji wa Capua, Italia bara, na pale jirani alikuwepo Anselm, askofu mkuu wa Canterbury, mtakatifu kabisa wa Kanisa Katoliki, aliyekuwa anaishi nje ya Uingereza kwa ugomvi na mfalme wake. Askari Waislamu wakawa wanamtembelea kwenye hema lake, anawapa chakula, wanarudi wanamwombea dua na kumbusu mikono. Mwandishi wa maisha yake, mtawa Eadmer, anasema wengi wao wangekubali kufundishwa Ukristo ila waliogopa, manake Roger alikuwa hataki kabisa askari wake Waislamu wabatizwe na angewaadhibu. Yaani mtawala Mkristo anamzuia Mwislamu asiwe Mkristo! Sababu zake hakuzisema, lakini mimi naona haziko mbali: jeshi lisilo na ndugu wala deni kwa makabaila wa Kikristo, lisilomjua Papa, linamtegemea yeye peke yake. Shikeni hilo neno, linamtegemea yeye peke yake, kwa sababu ndo hoja yangu nzima ya leo.

Mwanae, Roger wa pili, akavikwa taji la ufalme 1130, na kwake ndo tunaona yale mambo ya kupendeza. Ofisi ya ardhi na kodi ilikuwa inaitwa diwani, inaandika kwa Kiarabu. Pesa zake zina maandishi ya Kiarabu, na jina lake la kifalme kwa Kiarabu lilikuwa al-Mu'tazz billah, anayepata utukufu kwa Mungu, staili ileile ya makhalifa. Joho lake la hariri nyekundu, lenye simba wawili kila mmoja amemrukia ngamia, lilifumwa kwenye karakana ya kifalme hapohapo Palermo na pembeni kote limezungukwa na maandishi ya Kiarabu yanayotaja mwaka 528 wa Hijra, yaani 1133 au 1134. Joho hilo baadaye likaenda kuvaliwa na wafalme wa Dola Takatifu ya Kirumi wakati wa kutawazwa, karne na karne, na leo liko Vienna. Fikirieni hilo, mtawala mkubwa kabisa wa Kikristo Ulaya anawekwa wakfu akiwa amevaa vazi lenye tarehe ya Hijra.

Nendeni pia kwenye kanisa la ikulu yake, Cappella Palatina, lililowekwa wakfu 1140. Kuta zina picha za mozaiki za Kigiriki, Kristo na mitume, mpango wa jengo ni wa Kilatini, halafu ukiinua macho dari ni la mbao lililochongwa kwa staili ya misikiti na majumba ya Kiarabu, limejaa picha za watu wanakunywa, wanapiga ala, wanacheza sataranji, na dua za Kiarabu za kumtakia mfalme afya na baraka. Na kwenye kanisa kuu la mji, mlango wa kusini, kuna nguzo imeandikwa aya ya Kurani kutoka Sura ya Al-A'raf, inasimama hapo mpaka leo, watu wanapita nayo kwenda misa.

Lakini kitu ambacho mimi kinanigusa kuliko majumba yote hayo ni jiwe moja la kaburi. Kuna padri wa mfalme Roger aliitwa Grisandus, mama yake aliitwa Anna, akafariki 1148, na mwaka uliofuata mwanae akauhamishia mwili kwenye kanisa dogo alilomjengea. Jiwe lake limeandikwa mara nne: Kilatini, Kigiriki, Kiarabu kwa herufi za Kiarabu, na Kiarabu tena lakini kwa herufi za Kiebrania, namna Wayahudi wa kisiwa kile walivyokuwa wanaandika. Na kila maandishi yanahesabu mwaka kwa kalenda ya watu wake. Mama yule alikuwa Mkristo, mwanae padri, hakuna aliyemlazimisha, ila alitaka kila anayepita njia ile, awe Myahudi, Mwislamu au Mkristo wa upande wowote, ajue mama yake amelala pale. Mfalme anaweza kuwa na sababu zake za kisiasa za kuandika Kiarabu kwenye pesa, ila mtu anayemzika mama yake hana siasa. Mimi hilo jiwe nalichukulia kama ushahidi kwamba ujirani ulikuwepo kweli, sio ikulu tu.

Na nyie wa pwani msijione mko mbali na habari hii. Huyuhuyu Roger alimleta mwanajiografia Mwislamu, al-Idrisi, wakakaa kama miaka 15 wanafanya kazi moja, kila msafiri na nahodha anayetia nanga anaitwa, anaulizwa, wanacholingana wengi kinaandikwa, wanachopishana kinaachwa. Matokeo yake yakawa ramani ya dunia iliyochorwa kwenye bamba la fedha tupu na kitabu chenye ramani 70, kilichokamilika Januari 1154, wiki chache tu kabla mfalme hajafa. Na ndani ya kitabu hicho, kilichoandikwa Palermo kwa hela ya mfalme Mkatoliki, imo Malindi na chuma chake, na imo Mombasa. Ramani yenyewe kusini iko juu, kwahiyo sisi ndo tulikuwa juu.

Haya, hiyo ndo nusu ya kwanza.

Nusu ya pili inaanza mlemle ndani ya ikulu, na kipindi kilekile al-Idrisi anamalizia kazi yake. Mfalme alikuwa na amiri wa meli, towashi anaitwa Filipo wa Mahdia, amelelewa ikulu, amebatizwa, mtu wake wa karibu kabisa. Mwaka 1153 akaenda akauteka mji wa Bona, Annaba ya leo kule Algeria, akawaonea huruma baadhi ya watu wa mji wakatoka na familia zao. Aliporudi akashitakiwa kwamba moyoni bado ni Mwislamu, anafunga kwa siri na kula nyama siku za mfungo wa Wakristo. Akachomwa moto akiwa hai hapo Palermo. Mfalme ni yuleyule, anakaa jioni na al-Idrisi kuzungumza nyota na bahari. Kwahiyo ukiwa Mwislamu wa wazi unalipa jizya unaishi, lakini ukishabatizwa halafu ukarudi moyoni, ni moto. Kila mtu akae kwenye boksi lake, huo ndo ulikuwa mpango.

Kusema haki zipo sheria nzuri pia. Kwenye sheria zake Roger aliandika kwamba, kwa sababu ya watu wa aina mbalimbali walioko kwenye ufalme wake, mila na desturi zao hazifutwi. Na kule Catania 1168 askofu, tena ndo bwana wa mji, alitoa hati inayosema Walatini, Wagiriki, Wayahudi na Waislamu kila mmoja ahukumiwe kwa sheria yake. Ndugu zangu, askofu anaandika hivyo, karne ya 12, huku vita vya msalaba vinaendelea!

Lakini sasa msikilizeni mtu aliyeiona kwa macho yake. Ibn Jubayr, msomi wa Andalusia anatoka Hija, amepanda meli ya Wagenoa, watu wa mji wa Genoa, Italia, Desemba 1184 meli inagonga ufukwe wa Messina usiku. Mfalme wakati huo ni William wa pili, mjukuu wa Roger, na alikuwepo pale. Wenye mashua wanadai nauli ya kuokoa watu, Waislamu maskini hawana, mfalme akatoa ruba'i mia moja, sarafu ndogo za dhahabu, za pesa yake wakaokolewa. Ibn Jubayr anashangaa, anasema mfalme huyu anasoma na kuandika Kiarabu, mpishi wake mkuu Mwislamu, matowashi wake wengi Waislamu wa siri. Anahadithia kwamba kulipotokea tetemeko mfalme alikuwa anapita ikuluni akasikia wajakazi na watumishi wake wanamtaja Allah na Mtume, walipomwona wakaganda kwa hofu, yeye akawaambia kila mmoja amwombe anayemwabudu. Tetemeko kubwa la Sicily ni la Februari 1169, mfalme alikuwa kijana wa miaka kumi na kitu.

Krismasi akaikuta Palermo, na anasimulia alivyowaona wanawake wa Kikristo wanakwenda kanisani wamevaa hariri, wamejitanda na kujifunika mitandio ya rangi, viatu vya kunakshiwa dhahabu, hina mikononi, manukato, na wanaongea Kiarabu safi. Mgeni asingewatofautisha na Waislamu wa mji. Misikiti ipo, waalimu wa Kurani hawahesabiki, kadhi yupo, masoko Waislamu ndo wafanyabiashara.

Halafu katikati ya sifa hizo anaandika kwamba swala ya Ijumaa hawasali kwa jamaa kwa sababu khutba imekatazwa, wanaruhusiwa siku za Idi tu. Kule Messina towashi mmoja wa ikulu, Abd al-Masih, anamwomba dua na kumwambia kwa uchungu, nyie mnatangaza Uislamu wenu, sisi tunaficha imani na tunaogopa maisha yetu. Na Trapani anakuta wazazi wanaogopa watoto wao wenyewe, manake baba akimkasirikia mwanae, mtoto anaweza kukimbilia kanisani akabatizwa kwa hasira, na hapo baba hana tena la kufanya, basi wanaishi kwa kubembelezana. Baba mmoja, mtu wa heshima, akamtuma mwanae wa kiume kwa mahujaji aulize kama yupo atakayekubali kumchukua binti yake amwoe au amwozeshe, aende naye nchi ya Kiislamu, bila kurudi. Binti akaulizwa, akakubali. Niliposoma habari hiyo sikuweza kuendelea kwa muda. Mzazi gani anampa mgeni wa njiani mwanae kama hakuna jambo zito linalokuja?

Na lilikuwa linakuja, wao walishalionja. Machi 1161, mabwana wa Kikristo walimuasi mfalme William wa kwanza, mwana wa Roger wa pili, wakamkamata ndani ya ikulu yake, wakapora. Na wa kwanza kuuawa ni nani? Matowashi wa ikulu, makarani Waislamu wa diwani, wafanyabiashara madukani mwao. Madaftari ya ardhi yakateketezwa. Mwandishi wa wakati ule anasema mwaka mmoja kabla serikali ilikuwa imewanyang'anya Waislamu wa Palermo silaha zao zote, kwahiyo walichinjwa mikono mitupu, waliopona wakakimbilia mtaa mmoja wenye njia nyembamba wakajitetea humo. Upande wa mashariki ya kisiwa walowezi kutoka kaskazini mwa Italia wakafagia vijiji vya Waislamu, wanawake na watoto.

Kwa nini wao? Walikuwa hawana ubaya wowote na mabwana wale. Ubaya wao ni kwamba walikuwa watu wa mfalme. Ndo wakusanya kodi wake, ndo walinzi wake, ndo madaftari yake. Ile kitu iliyowalinda ndo ileile iliyowafanya wachukiwe, na mkono wa mfalme ulipofungwa kwa siku chache tu hapakuwa na kitu kingine cha kuwasimamia. Wale watu walikuwa kama mpangaji asiye na mkataba, mwenye nyumba anampenda, anamsalimia kila asubuhi, kodi haipandi, lakini siku mwenye nyumba akifa na watoto wakaingia, huyo mpangaji hana karatasi ya kuonyesha.

Na watoto waliingia kweli. William wa pili alikufa Novemba 1189 bila mtoto. Palermo ikawaka, Waislamu wakashambuliwa, wengi wakapanda milimani upande wa magharibi na wakakaa huko kwa uasi zaidi ya miaka 30. Mjukuu mwingine wa Roger, Frederick wa pili, huyu ambaye wanahistoria wanampamba sana, aliyeongea Kiarabu na 1229 akapewa Yerusalemu na Sultani al-Kamil kwa mkataba bila vita, huyohuyo ndiye aliyewang'oa. Aliwahamisha kwa nguvu Waislamu wa Sicily, maelfu kwa maelfu, mpaka mji wa Lucera, Italia bara, katikati ya Wakristo. Huko akawapa misikiti na kadhi, akachukua wapiga mishale wake kutoka kwao, na wakawa waaminifu kwake kufa na kupona, kwa sababu tena, hawakuwa na mwingine. Agosti mwaka 1300 mfalme Charles wa pili wa Anjou, wa ukoo mwingine kabisa, akaamuru Lucera ivunjwe. Watu wakauzwa utumwani, msikiti ukabomolewa, kanisa kuu likajengwa. Uislamu wa Sicily uliishia hapo, jumla ya karibu miaka 470.

Wayahudi walidumu zaidi, na nisingependa wasahaulike maana kwenye mada hizi huwa tunawataja kwenye kichwa cha habari tu. Benjamin wa Tudela, msafiri Myahudi wa karne ya 12, alihesabu Wayahudi kama 1,500 Palermo. Walikuwa wapaka rangi wa nguo, wafumaji hariri, baadhi yao mafundi ambao meli za Roger ziliwateka Thebes, Ugiriki, mwaka 1147 wakaletwa bila hiari yao. Daktari Faraj bin Salim, Myahudi wa Girgenti, mji wa hapohapo Sicily, alimaliza mwaka 1279 kutafsiri kwa Kilatini kile kitabu kikubwa cha tiba cha al-Razi, Mwislamu wa Uajemi, kwa kazi aliyopewa na mfalme Mkristo, na madaktari wa Ulaya wakasomea humo. Na walishika Kiarabu kwa herufi zao za Kiebrania mpaka karne ya 15, wakati hakuna tena Mwislamu kisiwani wa kuongea naye.

Mwaka 1492 Sicily ilikuwa chini ya Ferdinand wa Hispania, na ile amri ya kuwafukuza Wayahudi Hispania ikatumwa na kisiwani. Wakuu wa serikali pale Sicily, Wakristo, wakaandika barua kwa mfalme kupinga. Wakamwambia karibu mafundi wote wa kisiwa ni Wayahudi, hasa wa chuma, wale wanaotengeneza vifaa vya kilimo, nali za farasi na vyombo vya meli, wakiondoka wote kwa mpigo hatutapata Wakristo wa kujaza nafasi zao. Mnaona wenyewe, bado ni hoja ya faida, tunawahitaji. Hakuna mahali waliposema hawa ni watu wetu wa miaka elfu moja na zaidi na nchi ni yao pia, labda waliona hiyo haitasikilizwa, labda haikuwajia kichwani. Ferdinand alikuwa mbali, hakuhitaji fundi chuma wa Palermo, na alichokubali ni kusogeza tarehe tu, mpaka Januari 1493.

Hapo ndo mwisho wa niliyokuja nayo. Mashekhe, mapadri, na wachungaji nawaomba muanze nyie kwenye maswali, halafu vijana.